Mgonjwa Haulizwi Uji

Msikilizaji wangu, kama uko jikoni, punguza moto, funika sufuria, usogee karibu na redio. Leo sitakutoa hapo ulipo, maana mazungumzo yetu ni ya jikoni mwanzo hadi mwisho.

Wahenga walituachia methali fupi: mgonjwa haulizwi uji. Niliisikia tangu nikiwa mdogo, na kwa miaka mingi niliielewa kombo. Nilidhani inasema mgonjwa hana kauli: akiletewa kikombe afumbe macho, anywe, alale. Iliyonifundisha maana yake nyingine ni homa ya mwaka 2019, pamoja na shangazi yangu mmoja wa Moshi.

Waliokuwa Dar es Salaam mwaka ule watakumbuka jinsi masika yalivyokuja na homa ya dengue, ile tunayoiita kidingapopo. Wagonjwa walihesabiwa kwa maelfu, na karibu kila mtaa ulikuwa na mtu aliyelala. Mimi nilikuwa mmoja wao. Homa ilinishika ghafla, mchana, nikiwa kazini. Kufika jioni macho yananiuma kwa nyuma kana kwamba kuna mtu anayasukuma kwa kidole gumba, na hakuna kiungo kisichodai chake. Siku tatu sikutia kitu kinywani isipokuwa maji na vidonge vya parasetamo. Siku ya nne nikaamka shuka limelowa jasho, mwili umepoa, kichwa chepesi. Nikamshukuru Mungu, nikasema nimepona. Nikaoga, nikavaa, nikashuka kijiweni nikaagiza chipsi mayai na soda ya baridi sana.

Chipsi zile hazikufika magharibi. Nilizitapika zote, tumbo likaanza kunikata, miguu ikawa ya baridi, na jirani akanikuta nimekaa sakafuni nimeegemea mlango. Yeye ndiye aliyenikimbiza kituo cha afya, nikatundikiwa maji, nikalazwa siku mbili. Na yeye ndiye aliyempigia simu shangazi.

Kosa langu lilikuwa lile lile la wengi. Niliidhani homa kuwa ndiyo ugonjwa, kwa hiyo iliposhuka nikaona ugonjwa nao umeaga. Kumbe kwa dengue, siku zile homa inaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya saba, ndizo za kuangaliwa kuliko zote. Kwa baadhi ya wagonjwa, mishipa midogo ya damu hulegea katika saa hizo, majimaji ya damu yakavuja kwenda tumboni na kifuani. Damu inayobaki ndani ya mishipa huwa nzito, presha hushuka, viungo vya mwili hukosa huduma. Hali hiyo hudumu saa 24 hadi 48. Kwa hiyo ukiuguza mtu wa dengue, joto likishuka usiondoe jicho. Akiumwa tumbo sana, akitapika mfululizo, akitoka damu puani au kwenye fizi, akipata choo cheusi kama lami, akisinzia ovyo au akihangaika bila kutulia, mikono na miguu ikiwa ya baridi, hapo habari ya chakula weka kando. Mpeleke hospitali, tena upesi.

Nasema hivi kwa sababu magonjwa haya si wageni kwetu. Tazama hata majina yake. Daktari mmoja Mskoti, James Christie, aliyefanya kazi Unguja miaka ya 1870, aliandika kuhusu homa ambayo watu wa pwani waliiita kidinga pepo, na wapo wataalamu wa maneno wanaodai kwamba neno dengue linalotumika leo duniani kote lilizaliwa hapo. Binamu yake, chikungunya, ana jina la Kimakonde, linalosema juu ya kukunjika. Ugonjwa huo ulitambuliwa kusini mwa Tanganyika, upande wa Newala, mwaka 1952, na waliomwona mgonjwa akitembea ameinama kwa maumivu ya viungo wanajua jina halikukosea. Wenyeji walikuwa wamekwishayapa maradhi majina kabla virusi havijaonwa kwa hadubini. Sidhani kama walishindwa kujua namna ya kumlisha mgonjwa.

Sasa turudi kwenye chumba changu cha kupanga. Shangazi aliingia asubuhi, mkononi mkoba, na nyuma yake kijana wa bodaboda amebeba mkungu wa ndizi mshare.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Usiongee."

Akasimama katikati ya chumba akitazama meza. Na meza yangu, msikilizaji, unaijua hata kama hujafika kwangu. Soda nne, mbili zimefunguliwa. Juisi za boksi. Kopo la unga wa glukosi. Biskuti pakiti tatu. Machungwa kwenye mfuko wa plastiki, yameanza kulegea. Hivyo ndivyo tunavyokwenda kumjulia mtu hali siku hizi. Tunapita duka la mbele ya hospitali, tunanunua kinachoning'inia karibu na mlango, tunamwekea kando ya kitanda, tunasema pole. Shangazi alivikusanya vyote akamwita mtoto wa jirani akampa, isipokuwa machungwa. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza: "Umekojoa saa ngapi?"

Niliona aibu, lakini lilikuwa swali la kitaalamu kuliko alivyojua mwenyewe. Mgonjwa wa dengue anayeuguzwa nyumbani hupimwa kwa hilo. Kama anaweza kunywa, na anapata haja ndogo angalau kila baada ya saa sita, maji yanamtosha. Zikipita saa sita kavu, kuna jambo. Ndiyo maana chakula cha kwanza cha anayepona kinapimwa kwa kikombe kabla ya sahani.

Kikombe chenyewe kiwe na nini ndani? Maji matupu ni mazuri, lakini mtu aliyetoka jasho siku tatu, akatapika na pengine akaharisha, amepoteza pia chumvi. Na chumvi ina tabia moja ya ajabu: haipendi kuingia mwilini peke yake. Katika ukuta wa utumbo kuna vijilango ambavyo sukari na chumvi hupita pamoja, wameshikana mikono, na maji huwafuata nyuma. Ndiyo siri ya ile pakiti ya chumvichumvi ya ORS unayopewa kliniki. Ukiikosa, nyumbani chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta, visiwe na kilima. Koroga mpaka viyeyuke. Onja. Yasizidi chumvi ya machozi. Yakibaki, siku ya pili yamwage utengeneze mengine.

Linganisha na soda. Chupa ya mililita 300 hubeba sukari ya gramu 30 na kitu, yaani vijiko saba au vinane vya chai, na chumvi karibu hakuna. Chupa moja ndogo ina sukari kuliko lita nzima ya maji yale tuliyoyatengeneza. Sukari nyingi namna hiyo ikishuka kwenye utumbo uliochoka, badala ya maji kuingia mwilini, huvutwa kurudi tumboni, na mgonjwa akaanza kukimbilia msalani. Unga wa glukosi nao ni sukari. Si dawa ya nguvu kama matangazo yalivyotuzoesha.

Na madafu? Watu wa pwani mnanisubiri hapo. Dafu ni kinywaji kizuri sana cha anayepona: safi kutoka kiwandani kwa Mungu, tamu kiasi, lina potasiamu nyingi. Upungufu wake ni chumvi ya kawaida, ambayo ndani ya dafu ni kidogo. Basi mpe dafu, na pembeni mpe supu yenye chumvi, vikamilishane. Lakini mwenye maradhi ya figo asinywe madafu wala kubadilisha chumvi yake bila kumuuliza daktari, kwa sababu potasiamu ile ile inayomsaidia mwingine inaweza kuusumbua moyo wake.

Namna ya kunywesha nayo ni elimu. Shangazi hakunipa bilauri. Alinipa kijiko. Funda, anasubiri, funda, anasubiri, huku anamenya ndizi zake. Mtu anayetapika ukimpa bilauri nzima utaipokea kwenye beseni. Ukimpa vijiko, baada ya saa moja bilauri imekwisha na wala hakujua. Haba na haba hujaza kibaba, na tumbo la mgonjwa ndilo kibaba chenyewe.

Sasa tufike kwenye ile methali. Kwa nini mgonjwa hataki kula? Wengi tunadhani ni deko, au mdomo kuwa mchungu tu. Ukweli ni kwamba virusi vinapoingia, askari wa mwili hutuma wajumbe wa kikemikali kwenye damu, na baadhi ya wajumbe hao hufika kwenye ubongo wakafunga mlango wa njaa. Ni ubongo wenyewe unaosema sitaki. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha jambo la kushangaza kuhusu panya. Panya wenye maambukizi ya bakteria fulani waliolishwa kwa nguvu walikufa zaidi. Lakini wale waliokuwa na virusi vya mafua walihitaji sukari ya chakula ili kuokoka. Ikizuiwa isitumike mwilini, walikufa. Panya si watu, na hakuna anayepaswa kumlisha mgonjwa wake kwa kutazama panya. Ila jambo hilo linatufanya tuisikie methali kwa sikio jipya. Ukimuuliza mgonjwa, "Utakunywa uji?", anayejibu si yeye, ni homa. Na jibu la homa unalijua. Wahenga hawakusema mlazimishe. Walisema usimuulize. Upike, uulete, uuweke karibu, mdogo, wa vuguvugu, unaonukia. Akinywa nusu, shukuru. Akikataa, funika, urudi baada ya saa moja na mwingine.

Tena walisema uji. Hawakusema pilau, wala chipsi mayai. Uji ni laini, una maji ndani yake, una chumvi ukiitia, hautaki meno, na haulichoshi tumbo. Uji wa mchele wenye tangawizi kidogo na ndimu, kwa siku ya kwanza na ya pili, hauna mpinzani. Siku zinazofuata hamia kwenye ulezi, au unga wa lishe uliochanganywa na soya au karanga zilizochambuliwa vizuri, zisiwe na hata moja iliyoota ukungu.

Uji una tatizo moja, nalo ni hili: ukiupika mwepesi wa kunyweka, mwingi ni maji, ukitia unga wa kutosha, unakuwa mzito hata mzima haumalizi. Mama zetu walilitatua kitambo. Chukua ulezi, uloweke usiku kucha, uchuje, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu mpaka uchipue, siku mbili au tatu. Uanike ukauke kabisa, usugue vijimea vitoke, usage. Hicho ndicho kimea. Sasa pika uji mzito, mzito hasa, mwiko unasimama. Uepue, uache upoe kidogo, kisha nyunyiza kijiko kimoja cha kimea na ukoroge. Tazama sufuria. Ndani ya dakika chache ule uji uliokuwa unaburuta mwiko unalegea, unakuwa mwepesi kama maziwa, mbele ya macho yako, wala hukuongeza tone la maji. Ni vimeng'enya vya mbegu iliyoota vinavyokata wanga vipande vidogo. Rudisha jikoni uchemke mara moja kwa usalama, basi. Mgonjwa anakunywa kikombe chepesi chenye unga wa vikombe viwili. Wataalamu wetu wa lishe walilihimiza jambo hili kwa watoto walioachishwa ziwa, lakini mtu mzima aliyetoka kuugua, kwa siku hizo chache, tumbo lake halina tofauti na la mtoto huyo.

Kisha kuna deni lililofichika. Joto la mwili likipanda kwa nyuzi moja, matumizi ya nguvu mwilini huongezeka kwa takriban asilimia 10 hadi 13. Homa ya nyuzi 39 au 40, siku tatu au nne, huku huli, ni kama kuendesha gari mlimani tangi likiwa tupu. Mwili unatafuta mafuta ya kuchoma, na unatafuta protini za kujenga askari wapya, na ghala la protini lililo karibu ni misuli yako. Ndiyo maana unaamka baada ya homa unashika ukuta, na ngazi za ghorofa moja zinakuwa Mlima Kilimanjaro. Sukari ya kwenye boksi hailipi deni hilo. Linalipwa na yai, samaki, maharage, maziwa, nyama.

Kiasi gani? Anayepona, kama figo zake ni nzima, anafaa kupata gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60, basi, ni gramu 72 hadi 90. Zisikutishe. Mayai mawili ni kama gramu 12. Kikombe cha maziwa au mtindi, gramu 8. Kikombe cha maharage au choroko zilizoiva, gramu 15 hivi. Kipande cha samaki kinachojaa kiganja, gramu 20. Zigawe katika milo midogo mitano au sita, na uji wenye karanga katikati. Kama mfuko hauruhusu kuku wa kienyeji, dagaa wakavu waliooshwa vizuri, wakapikwa na nyanya na ndimu, hawamwachii kuku kitu. Na choroko zikipondwa laini zikaungwa na nazi nyepesi ni chakula cha mgonjwa kilichonyooka.

Lakini shangazi hakuja na choroko. Alikuja na mshare. Alizimenya akazitumbukiza kwenye maji zisiwe nyeusi. Nyama ya kidari yenye mfupa alikuwa ameshaibandika kwenye jiko langu moja la gesi, na kitunguu, bila mafuta, na povu analitoa kwa kijiko. Nyama ilipolainika akatia ndizi ndani ya mchuzi ule ule. Zilipoiva akatoa mifupa, akashika mwiko akaanza kuponda, taratibu, akizungusha sufuria kila mara kama mtu anayetafuta stesheni ya redio, mpaka nyama ikachambuka nyuzi nyuzi na ndizi ikawa kitu kimoja na supu. Maziwa kidogo. Chumvi. Huo ndio mtori, msikilizaji, na Wachaga huwapa wanawake waliojifungua. Ukiutazama kwa jicho la lishe una maji, chumvi, potasiamu ya ndizi, wanga mlaini na protini ya nyama isiyohitaji meno. Ni karibu yote niliyoyasema dakika hizi, ndani ya bakuli moja. Kila jamii inao wake. Kwa wengine ni supu ya samaki na ndimu, kwa wengine maziwa mgando, kwa wengine uji wa pilipili manga. Anza na wa kwenu.

Sasa niguse mambo matatu tunayoyafanya kwa nia njema.

La kwanza ni kuongeza damu. Mtu akitoka kuugua tu, jagi la rosela linaletwa, na juisi ya bitiruti, kwa sababu ni nyekundu. Rangi nyekundu si damu. Madini ya chuma yanayojenga damu yapo zaidi kwenye maini, nyama, dagaa, kunde na mboga za majani, na ndimu au chungwa pembeni huyasaidia kuingia, wakati chai ya rangi ikinywewa pamoja na mlo huyazuia. Iache chai saa moja. Tena kwa dengue, siku zile za hatari, shida mara nyingi ni majimaji kuvuja na chembe za kugandisha damu kupungua. Na kuna sababu nyingine ya kuiacha rosela siku hizo: mgonjwa akitapika kitu chekundu, au choo kikabadilika rangi, utajuaje kama ni juisi au ni damu?

La pili ni majani ya mpapai. Mwaka ule wa 2019 mipapai ya mitaani ilipukutishwa. Yapo majaribio yaliyofanywa Asia yaliyoonyesha kwamba huenda maji yake yanasaidia chembe za kugandisha damu kupanda, lakini hayajatosha kuyafanya kuwa tiba ya kutegemewa. Ni machungu, na mtu anayetapika humtapisha zaidi. Papai lenyewe lililoiva, ndiyo, mpe. Laini, tamu, halimsumbui.

La tatu ni vidonge. Mwili ukiuma, tunakimbilia duka la dawa kununua diklofenaki, ibuprofeni au asprini. Kwa mtu mwenye dengue, au homa ambayo bado haijajulikana ni nini, hizo zinaweza kumtoa damu. Na mtoto mwenye ugonjwa wa virusi hapewi asprini. Parasetamo ndiyo yake, na mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24, pungufu kama ini lina kasoro, na pombe isiguswe kabisa.

Kwa mtoto, maneno machache. Anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Na akishapona, aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili, apate kurudisha alichopoteza. Wiki mbili. Hapo ndipo wengi tunapokosea hata kwa watu wazima. Homa ikiwapo, nyumba nzima iko macho. Ikiondoka, kila mtu anarudi kazini kwake, na anayepona anabaki na mabaki ya jana kwenye hotipoti. Ilhali kazi ya jiko ndiyo kwanza imeanza.

Na hapa ndipo ninapotaka kuisogeza methali hadi kwenye simu zetu. Siku hizi mtu akiugua tunamwandikia ujumbe: "Pole sana, ukihitaji chochote niambie." Ni maneno mazuri, nami nimeyaandika mara nyingi. Lakini yatazame vizuri. Tumemuuliza mgonjwa uji. Tumemwachia yule asiyeweza kuinua kichwa kazi ya kufikiri anahitaji nini, nani amuombe, na kama atakuwa anasumbua. Jibu lake ni lile la homa: "Asante, niko sawa." Nilipokuwa nimelala niliandika jibu hilo mara kumi na moja, nimelihesabu baadaye. Na mwenye chikungunya, ambaye vidole vinaweza kumuuma wiki nyingi baada ya homa, pengine hata kuliandika hawezi. Badala ya kuuliza, pita sokoni. Nusu kilo ya choroko, ndimu nne, trei ndogo ya mayai. Au nenda mikono mitupu, uoshe sufuria zilizorundikana, ubandike uji, uondoke. Itakugharimu pungufu ya zile juisi za boksi.

Shangazi alikaa kwangu siku tisa. Hakuniuliza hata mara moja ninataka kula nini. Kila baada ya saa mbili au tatu kitu kilifika kando ya godoro: kikombe, kibakuli, nusu papai lenye kijiko kimechomekwa. Nilipokataa hakugomba, alifunika. Siku ya tatu nilimaliza bakuli la kwanza. Siku ya tano nilikwenda mwenyewe hadi dirishani, nikachoka, nikarudi. Nilipomuuliza atarudi lini Moshi, maana mahindi yake yalikuwa yanamsubiri, alinijibu kwamba mgonjwa ndiye atakayemwambia siku ya kuondoka. Nikamwambia siwezi kumfukuza shangazi yangu. Akacheka, hakufafanua.

Siku ya tisa, mchana, aliniletea mtori kama kawaida. Nikaonja kijiko, nikaonja cha pili, nikauweka chini nikamtazama.

"Shangazi, mbona huu mtori hauna pilipili?"

Hakujibu. Alinyanyuka, akauvuta mkoba wake kutoka chini ya meza, akaanza kukunja kanga.